IST inagonga ko-ko-ko nikishapita Buhongwa. Mafundi watatu, majibu matatu. Naomba masikio yenu

Mtoto wa Bugarika
Wakuu habari za usiku. Niende moja kwa moja maana hata chakula hakijapita.

Nina IST ya 2004, injini 1NZ ya cc 1500, otomatiki. Natembeza dawa za mifugo, kwa hiyo wiki nzima niko Sengerema na Geita, na nyuma kuna katoni mpaka kioo hakionekani. Gari haijawahi kunisumbua zaidi ya betri na bushi.

Wiki ya pili sasa injini inagonga. Asubuhi nikitoka nyumbani hapa Mwanza kimya, Mkuyuni kimya, Nyegezi kimya. Nikishapita Buhongwa barabara inafunguka, nakanyaga, mshale wa resi ukigusa 3, yaani mizunguko 3000 kwa dakika, inaanza kama mtu anatikisa mnyororo ndani ya ndoo. Nikikazana na mwendo inageuka ko-ko-ko-ko nzito. Nikiachia mafuta inapungua, sekunde kama tano imenyamaza. Nikisimama Usagara, sailensi (injini ikiunguruma bila kukanyagwa) iko tulivu kabisa. Taa ya oili haijawahi kuwaka.

Fundi wa kwanza alisikiliza nusu dakika akasema imenoki, tafuta injini. Akanipa bei hapohapo: milioni mbili na laki mbili ikiwa imefungwa. Wa pili akasema ni cheni ya taimingi. Wa tatu hakusikiliza kitu, alichomeka mashine ya kusoma kodi za hitilafu, akasema hakuna kodi, gari nzima. Kodi ninazodaiwa mimi ni zile nyingine, basi.

Nimebandika rekodi ya simu. Nisaidieni kabla sijauza kiwanja cha Kisesa.

Nyegezi Kona
Pole mkuu. Mafuta hayo. Unajaza wapi? Badilisha kituo, jaza tenki zima sehemu nyingine, utanishukuru.

Msafiri wa Magu
Naunga mkono. Yangu ilikuwa inalia hivyo hivyo kwenye mlima.

Bisibisi Ndefu
Hapana wakuu. Kugonga kwa mafuta mabaya nako kunajulikana. Ule mlio ni mwembamba, kama shanga kwenye kopo la bati, chekeche chekeche, na unakuja ukikanyaga huku injini imebeba mzigo kwenye resi ya chini. Gia ya juu, mlima, mwendo mdogo. Ni mchanganyiko unalipuka wenyewe kabla ya wakati wake. Ukishusha gia unakata palepale. Huyu anasema inaanza resi ikipanda, halafu inageuka nzito, halafu ikiachiwa inachukua sekunde kadhaa kunyamaza. Mafuta hayangoji sekunde tano.

Halafu Mwanza tuko juu, mita 1,100 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa nyepesi kidogo inapunguza hiyo tabia ya injini kugonga kwa mafuta. Gari ile ile na mafuta yale yale ukiishusha Dar ndiyo inaweza kuanza kulia.

Dalali Mstaafu
Dawa yake oili nzito. Toa hiyo ya maji maji weka 20W-50. Mlio utakata leo leo.

Mtoto wa Bugarika
Mkuu Dalali, hilo nimesahau kuandika. Fundi wa pili aliniwekea hiyo 20W-50 ijumaa iliyopita. Imekuwa mbaya zaidi. Sasa hata asubuhi ikiwaka inakoroma krrrr kama sekunde tatu nne, kitu ambacho hakikuwepo.

Dalali Mstaafu
Basi hapo sijui. Mimi kwa miaka yangu sijawahi kuona oili nzito inaongeza mlio. Na nimeuza gari nyingi kwa oili nzito, Mungu anisamehe. Gari ikigonga asubuhi, mchana imewekwa oili kama asali, jioni mteja anakuja anasikia injini ya kanisani. Wiki mbili baadaye simu yangu haipatikani.

Mama Ractis
Kumbe ndiyo nyie! Ile Vitz yangu ya kwanza nilinunua na oili imekauka kwenye stiki kama lami.

Kaka wa Bugarika, usikimbilie kununua injini. Ractis yangu ilianza kugonga ko-ko nikiwa nimesimama kwenye foleni pale Mabatini, watu wote wakasema konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Kijana mmoja akaniambia mama, ikiwa P inagonga, ukiweka D na kushika breki je? Nikaweka D, ikabadilika, ikawa kama inafifia. Akasema basi tusifungue injini kwanza, tuangalie kati ya injini na gia boksi. Boliti mbili za ile pleti inayoshika toki konveta zilikuwa zimelegea mpaka zimechimba mashimo yake. Boliti! Na mimi nilishaanza kuita watu wa kikoba.

Mtoto wa Bugarika
Asante mama. Nimejaribu sasa hivi hapa nje. P, D, R, zote kimya. Majirani wanachungulia dirishani.

Nyegezi Kona
Bado nasema mafuta.

Mzee wa Nyakato
Nimesoma yote. Rekodi ya simu sijaisikiliza na sitaisikiliza. Simu inakata sauti nzito na kukuza zile nyembamba, utasikia tapeti, vile vikombe vya valvu huko juu, mahali penye konrodi.

Mwanangu, nijibu haya kwa utulivu:
Oili unapimia wapi? Injini ya moto au ya baridi?
Ukisikiliza kwa bisibisi, mlio uko juu au chini? Upande wa dereva au wa gia boksi?
Ukichomoa koili za cheche moja moja wakati inagonga, mlio unabadilika?
Na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, imewahi kufunguliwa?

Mtoto wa Bugarika
Shikamoo mzee. Oili napimia nyumbani asubuhi kabla sijawasha. Iko juu kidogo ya alama ya juu. Hayo ya bisibisi na koili sijafanya, naomba maelekezo.

Sampu... Mwezi wa tatu, mvua ile kubwa, njia yetu ya kupandia ilichimbika na jiwe moja likabaki kichwa wazi. Nikalipanda usiku. Sampu ikabonyea na kutoboka, oili ikamwagika yote pale pale, nikazima haraka. Fundi wa mtaani akaifungua, akaigonga na nyundo ikarudi, akachomelea, akafunga. Haijavuja tena hata tone. Ndiyo maana sikuitaja.

Mzee wa Nyakato
Marahaba. Hiyo ndiyo ungeanza nayo.

Usiende Sengerema kesho. Panda pikipiki, panda basi, lakini hiyo injini usiikanyage tena kupita 2 mpaka nikuambie.

Kwanza oili. Bugarika kuna mahali gani tambarare pa kupimia oili? Gari ikiinamia upande wa stiki inakudanganya kuwa imejaa, ikiinamia upande mwingine inakudanganya imepungua. Nenda kwenye kituo cha mafuta chenye sakafu iliyonyooka, zima, ngoja dakika tano, ndipo uchomoe stiki, ufute, urudishe, uchomoe tena. 1NZ inakula lita 3.7 pamoja na filta. Galoni la lita 4 halimalizwi. Wengi wanamimina lote, wengine wanamimina kwa jicho.

Pili bisibisi. Chukua ndefu, mpini sikioni, ncha kwenye chuma. Usiweke ncha kwenye mfuniko wa plastiki, na chunga feni na mkanda, usivae shuka wala tai. Mtu mwingine akae ndani apandishe resi taratibu mpaka mlio uanze, sekunde chache tu, aachie. Gusa juu kwenye kava ya tapeti, gusa kava ya cheni upande wa dereva, gusa bloku katikati, gusa chini karibu na sampu. Unatafuta mahali mlio unapokugonga sikio mpaka unatoa kichwa. Chuma kinasafirisha sauti, kwa hiyo linganisha, usiridhike na pa kwanza.

Tatu koili. Wakati inagonga, chomoa soketi ya koili moja, sikiliza, rudisha. Halafu nyingine. Usiiache imechomolewa muda mrefu, petroli isiyowaka inakwenda kuharibu katalisti. Konrodi ikiwa ndiyo inagonga, ukiizimia cheche silinda yake mlio unapungua waziwazi, kwa sababu mlipuko ndio unaoisukuma ile metali (beringi ya konrodi) iliyokula. Ukichomoa zote nne kwa zamu na mlio hautikisiki, usiniambie habari za konrodi moja.

Kimya Kimya
Mzee unampa kazi ya gereji mtu wa dawa za ng'ombe 😂

Mzee wa Nyakato
Anayechoma sindano ng'ombe dume anashindwa bisibisi?

Mtoto wa Bugarika
Wakuu nimerudi. Nimefanya yote leo mchana na shemeji yangu.

Oili kwenye tambarare iko nusu, kati ya alama mbili. Nyumbani ilikuwa inasoma imejaa.

Bisibisi: mlio mkubwa kuliko wote uko upande wa dereva, juu, kwenye kava ya cheni. Huko ndiko kunakotikiswa ndoo. Chini upande wa sampu unasikika lakini kwa mbali. Tulipoishikilia kidogo zaidi ndipo ile ko-ko ilianza kusikika chini pia, tukaachia.

Koili: hakuna tofauti. Moja, mbili, tatu, nne, injini inatetemeka lakini mlio uko vilevile.

Kwa hiyo ni cheni? Fundi wa pili alikuwa sahihi?

Bisibisi Ndefu
Cheni iliyochakaa inalia zaidi inapowaka asubuhi na kwenye sailensi, haisubiri mshale ufike 3 halafu ilie kwa moto. Ila usisahau tenshena, kile kikaza cheni, kwenye hizi 1NZ inasukumwa na presha ya oili. Oili isipofika, cheni inalegea na kupiga kava. Cheni inaweza kuwa nzima kabisa, inakufikishia tu ujumbe.

Mzee wa Nyakato
Huyu Bisibisi anaitwa fundi. Mwanangu, tafuta gereji yenye geji ya presha ya oili. Si mashine ya kompyuta, geji ya mshale yenye mpira. Wanatoa swichi ya oili kwenye bloku, wanafunga geji mahali pake. Andika namba tatu: ikiwa baridi sailensi, ikiwa moto sailensi, na ikiwa moto huku inapandishwa resi taratibu. Hiyo ya tatu usiangalie namba tu, angalia mshale unavyotembea.

Na ile taa ya oili unayosema haijawaka, usiitegemee. Swichi yake inawasha taa presha ikishakuwa karibu na hakuna. Ukiiona imewaka ujue umeshachelewa.

Nyegezi Kona
Mzee samahani, geji zenyewe hizi za mtaani zinasema ukweli? Nyingi zimedondoshwa mpaka kioo hakuna.

Mzee wa Nyakato
Geji mbovu inakosea namba, haikosei mwendo. Ikisoma 5 zaidi itasoma 5 zaidi kote. Mimi nataka kuona mshale unapanda au unashuka.

Mama Ractis
Kaka wa Bugarika ukienda gereji kaa hapohapo. Usiende kunywa chai.

Mtoto wa Bugarika
Nimekaa mama. Tena nilikaa kwenye ndoo ya oili, suruali haifai tena.

Tulienda gereji moja huku Nyakato. Kijana ana geji na kioo kipo. Imefungwa, tukawasha.

Baridi sailensi: psi 45. Alisema safi.
Moto sailensi, baada ya kuiacha mpaka feni izunguke mara mbili: psi 16. Akasema hii nayo si mbaya.

Halafu akaanza kupandisha resi taratibu, mimi nimekodolea geji. 1500, mshale unapanda. 2000 umefika 30. 2500 umefika 34, ukawa kama umechoka. Akasogeza kidogo, ukasimama. Alipogusa 3 mshale ukaanza kutetemeka kama mkono wa mtu mwenye homa, halafu nikauona kwa macho yangu unarudi chini. 28. 22. Resi inapanda, mshale unashuka. Ulipofika kwenye 20 hivi ndoo ikaanza kutikiswa. Yule kijana akaachia mafuta, tukatazamana.

Mzee wa Nyakato
Fungua sampu.

Dalali Mstaafu
Mzee fafanua na sisi tujue, usituachie neno moja kama nabii.

Mzee wa Nyakato
Haya. Sisi mafundi tuna kipimo cha mkononi, psi 10 hivi kwa kila mizunguko 1000. Si sheria ya kiwanda, ni ya kukupa mwanga.

Metali za kranki (shafti kuu ya injini) na konrodi zikila, uwazi unakuwa mkubwa, oili inavuja pembeni kirahisi. Injini ya namna hiyo ikipata moto kwenye sailensi geji inalala, psi 4, psi 3, na mlio upo hata umesimama kwenye foleni. Ukipandisha resi pampu inazunguka haraka, presha nayo inapanda. Chini mbaya, juu nafuu.

Ya huyu ni kinyume. Sailensi nzima, juu inakufa. Maana yake pampu ni nzima na metali kwa sehemu kubwa nzima, ila pampu haipati cha kusukuma. Resi ikiwa ndogo inahitaji oili kidogo, inaipata. Resi ikikua inataka nyingi, mdomo umezibwa, inaanza kuvuta hewa. Ni kama mtoto anayenyonya juisi kwa mrija wenye embe ndani. Akinyonya taratibu inakuja, akinyonya kwa pupa mrija unabana.

Ndiyo maana oili nzito ilimharibia. Metali zingekuwa zimekula, oili nzito ingemficha kama Dalali alivyokuwa anawaficha wateja. Lakini kama tatizo ni kunyonya, oili nzito ni ngumu zaidi kunyonywa, hasa asubuhi ikiwa baridi. Ile krrrr ya asubuhi ni tenshena ya cheni ikisubiri oili ambayo haiji.

Sasa kinachoziba ni nini? Ama sampu iliyogongwa na jiwe bado imebonyea, imesogea mpaka inakaribia kugusa strena, ule wavu wa kunyonyea oili. Ama ni silikoni, ile gundi ya kuzibia sampu. Fundi aliyesema haivuji hata tone namwogopa. Wengine wanapaka silikoni kama wanapaka siagi mkate wa harusi. Ya nje unaiona, inaning'inia pembeni ya sampu. Ya ndani nayo imetokeza hivyo hivyo, oili ya moto inailainisha, inakatika vipande, inaogelea, mwisho wake inanyonywa na strena. Nenda sasa hivi na tochi ya simu, chungulia pembeni ya sampu unaona nini.

Mtoto wa Bugarika
Nimechungulia. Nyekundu. Imetoka nje kama uji uliofurika sufuria.

Bisibisi Ndefu
Tayari.

Msafiri wa Magu
Uzi huu mtamu kuliko tamthilia. Naweka kigoda.

Mtoto wa Bugarika
Tumefungua jana jumamosi. Nimechelewa kuleta majibu kwa sababu nilikuwa naangalia tu kwa mshangao.

Sampu iliposhuka, kwanza ule mbonyeo upo. Yule wa mwanzo aliigonga ikarudi lakini si yote, chini kuna kilima kidogo, strena ilikuwa imeacha alama ya mviringo kwenye bati. Mgusano kabisa. Halafu strena yenyewe. Ule wavu hukuuona. Umefunikwa na nyuzi nyekundu nyekundu, zimelala moja juu ya nyingine kama minyoo, katikati kumejaa tope jeusi la oili. Kijana alizitoa kwa kibanio, mimi nazipanga kwenye gazeti. Vipande 23. Kimoja kirefu kama kidole changu cha mwisho. Palipobaki wazi ni kaeneo ka upana wa shilingi mia, na hapo ndipo injini nzima ilikuwa inapumulia kutoka hapa mpaka Geita.

Nikakumbuka enzi za kivuko. Kigongo unasimama foleni, injini inapoa, unavuka, unaanza upya. Tangu daraja lifunguliwe 2025 nachinja moja kwa moja mpaka Sengerema sijagusa breki. Nadhani lingekuwa bado kivuko ningechelewa sana kugundua.

Mzee, kijana anauliza: afunge au aendelee kufungua?

Mzee wa Nyakato
Aendelee. Umeshasikia ko-ko nzito, hiyo haikuwa cheni peke yake, konrodi nazo zilishaanza kulalamika. Afike kwenye konrodi, afungue kofia moja moja. Asichanganye: kofia ya namba moja irudi namba moja, na kwa upande ule ule. Metali nzuri ina rangi ya kijivu tulivu. Ukiona michirizi ya rangi ya shaba imetokeza, tabaka la juu limeondoka. Halafu apitishe ukucha kwenye kranki, kwa upana wa shingo yake. Ukucha ukikwama, kranki inakwenda kuchongwa na hiyo ni habari nyingine.

Akague pia oili iliyomwagwa, aikinge kwenye beseni safi juani. Na sumaku. Vumbi linaloshikwa na sumaku ni chuma, cheni au kranki. Linalong'aa lakini sumaku hailitaki, hayo ni metali.

Kimya Kimya
Mimi nilikuwa nadhani kazi ya sumaku ni kuokota spana zilizodondoka.

Mtoto wa Bugarika
Beseni: vumbi la kung'aa lipo, kidogo, sumaku haikuligusa. Konrodi namba moja, mbili na nne safi, kijivu. Namba tatu ina michirizi miwili, shaba inachungulia. Ukucha tulipitisha mimi, kijana na shemeji, kila mtu na ukucha wake. Haukukwama.

Mzee wa Nyakato
Mshukuru Mungu wako na unywe maziwa. Badilisha metali za konrodi zote nne, saizi ya kawaida. Boliti akaze kwa torki renchi, si kwa kukunja uso. Strena ioshwe kwa mafuta ya taa, ipulizwe, ishikwe dhidi ya mwanga. Ukiona hata tundu moja halipitishi, nunua nyingine. Sampu usiigonge tena, tafuta nyingine nzima. Silikoni iwe uzi mwembamba kama wa kushonea viatu, upite ndani ya matundu ya boliti, aiache ikae kidogo kabla ya kubana, na asijaze oili siku hiyo hiyo. Akijaza, iwe 5W-30. Hiyo 20W-50 mpelekeeni Dalali.

Dalali Mstaafu
Nimeacha hiyo kazi mzee, sasa nauza dagaa pale Mwaloni Kirumba. Dagaa hawagongi.

Mama Ractis
Dagaa wanachanganywa mchanga, tunawajua.

Mtoto wa Bugarika
Leo ni siku ya kumi na moja tangu nifunge. Sikutaka kuandika mapema nikajiletea mkosi.

Geji tuliifunga tena kabla sijaondoka gereji. Moto sailensi 18. 2000, 36. 3000, 51, mshale unapanda kama mtu anayepanda ngazi anakwenda kupokea mshahara. Kijana akauacha hapo, hautetemeki. Sikulipa hata robo ya bei ya ile injini: metali, sampu ya mtumba, filta, oili, na ufundi wa siku mbili, laki tatu na themanini.

Nimeshakwenda Geita mara tatu na katoni zangu. Kupanda kutoka darajani nikiwa nimekanyaga, kimya. Kuna tik-tik ndogo ya juu asubuhi, Bisibisi kanijibu pembeni kuwa ni tapeti, hizi injini uwazi wake unapimwa na kurekebishwa kwa kubadilisha vikombe vyenyewe, ingizo kati ya milimita 0.15 na 0.25, ekzosi 0.25 mpaka 0.35, na kwamba haina haraka. Nimemwamini.

Yule fundi wa kwanza nilikutana naye. Akaniuliza, injini ulipata? Nikamwambia nilipata. Hakuuliza wapi.

Msafiri wa Magu
Hongera mkuu. Jamani na mimi nidandie hapa hapa: Noah yangu asubuhi inagonga dakika tano za kwanza, tok tok tok, ikishapata moto inakata kabisa mpaka kesho yake. Hiyo nayo silikoni?

Mzee wa Nyakato
Hapana, hiyo ni karibu kinyume chake. Pistoni ikichakaa inacheza ndani ya silinda ikiwa baridi, ikipata moto inatanuka inajaza nafasi. Fanya ile ya koili asubuhi inapolia, ukiipata silinda yake umejua. Usiipandishe resi ikiwa baridi, tembea nayo polepole mpaka Kisesa ndipo ukanyage. Ikianza kula oili au kulia hata ikiwa ya moto, rudi. Ila fungua uzi wako, huu wa huyu kijana.

Nyegezi Kona
Nakubali nilikosea kuhusu mafuta. Lakini kile kituo bado sikiamini.

Kimya Kimya
Swali la mwisho. Lile jiwe?

Mtoto wa Bugarika
Lipo. Mwenyekiti wa mtaa anasema lina mizizi mpaka ziwani. Nimelipaka chokaa.